Asali Usimgawie Mtu

Alhamisi, 2 Mei

Dada, shikamoo.

Nimefika salama, ila mgongo ndio hauna salamu. Gari la kituo cha utafiti limenirusha njia nzima kama gunia la viazi. Barua hii anakuletea dereva wetu. Huku simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji. Nimeshapanda, nikaambiwa nishuke kabla sijavunja bomba. Dereva anatoka hapa kila Ijumaa na kurudi Jumatatu, kwa hiyo ukinijibu mpe Jumapili.

Asante kwa zile siku nne nilizokaa kwenu na binti yangu. Chiriku wangu amekua, na mdomo umekua kumzidi mwenyewe. Ana miaka tisa na bado anataka kulala juu ya mkono wangu. Mkono ulikufa ganzi na sikuthubutu kuutoa. Tangu mama yake atuondokee kwa malaria, sijapumzika kama siku zile.

Sasa sikia habari. Daktari, mkubwa wetu wa utafiti, ameniita ofisini. Mwisho wa mwezi wa sita kuna jaribio la vyandarua. Likienda sawa nathibitishwa kazini na napewa nyumba ya kituo: vyumba viwili, jiko la ndani, na dirisha linalofunga. Nimeenda kuchungulia. Chumba cha pili kina msumari ukutani, mahali pa kutundika begi la shule. Mwanangu atakuja kukaa na mimi, Dada. Kazi yangu ni ileile ya kutunza stoo, hakuna la kueleza.

Nawashwa tu. Katikati ya vidole na pale mkanda wa suruali unapokaa. Nadhani ni godoro la huku.

Mdogo wako,
Njiti


Jumapili, 5 Mei

Njiti, mdogo wangu, marahaba.

Godoro la watu usilisingizie. Kuwashwa katikati ya vidole na kiunoni ni upele. Muuza dawa wa hapa kwetu amenieleza: ni mdudu asiyeonekana, anachimba chini ya ngozi, anakula humohumo na kuzaa humohumo. Amenieleza mpaka nikashindwa kumaliza chai. Nimekutumia vidonge kumi. Meza vitano leo, na vitano baada ya wiki mbili. Chemsha mashuka, anika juani. Wewe ni mtu mzima, nisije nikasikia unasumbua.

Sasa na mimi nina habari, na yangu si ya msumari. Kiwanda kinafunga nyumba za wafanyakazi. Shemeji yako ameletewa barua na wameweka tarehe: tarehe 30 Juni tuwe tumetoka. Tutahamia kwa kaka yake, chumba kimoja, sisi wawili na watoto wetu watatu na cherehani yangu. Nimepima sakafu kwa futi yangu ya ushonaji, mara mbili. Chiriku hana pa kulala, labda juu ya cherehani.

Shemeji yako si mtu mbaya, unamjua. Alikwenda kuuliza kwenye kituo cha kulelea watoto. Wamesema watampokea tarehe 1 Julai. Amerudi hakula. Sikuandikii kukutisha. Nakuandikia ujue kwamba hiyo nyumba yako si jambo la kufurahia tu, ndiyo hiyo hiyo iliyobaki.

Dada yako


Alhamisi, 16 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kote haikubadilika. Usimpeleke mtoto kituoni. Nakuomba kwa jinsi ulivyonibeba mgongoni. Nyumba nitaipata. Jaribio liko tarehe 27 Juni, tarehe 28 napewa ufunguo, dereva anakuja kumchukua siku hiyohiyo. Shemeji mwambie namshukuru kwa yote na naomba anivumilie hizo wiki sita tu.

Vidonge nakurudishia kwa dereva, vyote kumi. Usikasirike. Vinanikaba kooni, unanijua tangu utoto. Hapa kuna mama mmoja mfagiaji, tunamwita Mama Ndoo kwa kuwa humwoni bila ndoo. Ni mjane, hana mtoto, na ameamua kunilea mimi. Amenifundisha kuoga maji ya chumvi. Naoga mpaka nimekuwa kama samaki wa kukausha.

Kusema kweli nawashwa mpaka najisugua kwenye fremu ya mlango. Jana Daktari alinikuta hapo, nikajifanya napima urefu wa mlango. Lakini dawa simezi, na usiniulize zaidi.

Njiti


Jumapili, 26 Mei

Njiti, mdogo wangu.

Jumapili iliyopita sikukuandikia, nilikuwa nimekasirika na sikutaka kuandika kwa hasira. Sasa zimeisha. Umesema hutaki dawa, haya, basi. Mtu mzima ana mwili wake.

Nimekutumia chupa ya asali. Ni nzuri, nzito, ya rangi ya giza kidogo, na ina uchungu kwa mbali kwa sababu ya maua wanayokula hao nyuki. Ikoroge kila siku kabla ya kula, maana inatulia chini. Kijiko asubuhi na kijiko jioni kwa mkate. Umekonda mno, na Chiriku amesema mbavu zako zinamchoma. Usimgawie mtu. Hata huyo Mama Ndoo usimgawie. Nimekununulia wewe.

Hapa tumeanza kufunga mizigo. Chiriku anatuuliza begi lake liwekwe kwenye mzigo upi, na kila mmoja wetu anajifanya hajasikia.

Dada yako


Alhamisi, 6 Juni

Dada, shikamoo.

Hii ni mara ya kwanza tangu nizaliwe nakuona umekubali jambo bila kubishana. Nilikuwa na wasiwasi unaumwa.

Asali ni tamu, huo uchungu wake nimeshauzoea. Nala kama ulivyoagiza, na simgawii mtu, ingawa Mama Ndoo aliiangalia chupa mpaka nikaona haya nikaificha. Na upele umekwisha. Umekwisha kabisa, Dada. Vidole vimekuwa laini. Mama Ndoo anatembea kituo kizima akijisifia maji yake ya chumvi.

Nimemtengenezea Chiriku kitanda kwa mbao za makasha. Kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kigae. Mwambie begi lake lisiwekwe kwenye mzigo wa mtu, libaki mkononi mwake.

Kazini tangu juzi kuna jambo halijanikalia vizuri. Nitakuambia likitulia.

Njiti


Ijumaa, 14 Juni, asubuhi

Dada,

Samahani sijaanza na shikamoo. Dereva ameshawasha gari.

Mimi si mtunza stoo. Nimekudanganya mwaka mzima na nusu. Kazi yangu ni kulisha mbu. Kuna chumba chenye joto, na ndani yake kuna vizimba vya chandarua, kila kimoja ukubwa wa sanduku la nguo. Mbu dume wanakunywa maji ya sukari, hawana neno na mtu. Jike akitaka kutaga lazima apate damu. Vituo vingine wanawapa damu ya ng'ombe kwenye mfuko uliopashwa moto. Hawa wa Daktari wamekataa, tangu mwanzo wamelishwa mkono wa mtu na hawataki kingine. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakunja shati, naingiza mkono kizimbani, nakaa robo saa, nahamia kizimba cha pili. Hawana malaria, wamezaliwa humu na hawajawahi kuonja mtu mwingine. Nilijua ukisikia utasema nawanenepesha waliomuua mke wangu. Nalisema mwenyewe kila nikikunja shati, huna haja ya kunisaidia.

Mlishaji ana masharti. Hapaki mafuta, haogi sabuni ya manukato, hanywi pombe, hamezi dawa ya aina yoyote, kwa sababu kilichomo ndani yake ndicho wanachokula wao. Ndiyo maana nilikurudishia vidonge. Ningesema nina upele, Daktari angenitibu na kunisimamisha miezi miwili, na nyumba ingekwenda na mkono mwingine. Nikaamua nijikune kimya. Nilikuwa naliwa na wadudu wa aina mbili, wa kazini kwa mshahara na wa chumbani bure.

Sasa mbu wanakufa, Dada. Wiki iliyopita nilikuta sakafu ya vizimba imejaa, miguu juu. Nikadhani ni joto. Nikarekebisha joto, nikawalisha, baada ya siku mbili wakafa zaidi. Jaribio linataka majike elfu mbili. Nimehesabu jana, hawafiki mia tatu, na wanaotembea wanatembea kama walevi. Viluwiluwi kwenye trei za maji wazima, mayai mazima. Ni hawa wakubwa tu, wakishanila.

Nilitafuta sababu nikaipata. Nilifungua ndoo ya Mama Ndoo, nikakuta kopo la dawa ya mende. Amesema ni la chumbani kwake, hajawahi kulipulizia upande wa vizimba. Nani mwingine anaingia mle na kitambaa? Nilimpeleka kwa Daktari mimi mwenyewe. Hakubishana sana. Alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, mimi?" Basi. Amefukuzwa. Anaondoka leo kwa gari hilihili linalokuletea barua.

Nimebakiwa na siku kumi na tatu. Nawalisha mara mbili zaidi, mikono yote miwili, labda watakaotoka kwenye trei watawahi. Chakula hakipiti, ni asali yako tu inayonishikilia. Usimpeleke Chiriku popote kabla sijakuandikia.

Njiti


Jumapili, 16 Juni

Njiti,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga hiyo chupa ya asali.

Umeifunga? Vile vidonge kumi viko humo. Nilivisaga kwa chupa ya soda, nikavichuja kwa kitambaa cha shela, nikavikoroga humo. Huo uchungu si wa maua. Ulipokuwa na miaka sita nilikulisha dawa ya minyoo namna hiyohiyo na ukalamba bakuli, na sikuwahi kukuambia. Nilijiona mjanja. Nilikaa hapa nikicheka peke yangu nikishona, najisemea yule kichwa kigumu atapona na hatajua kilichomponya.

Nimekwenda kwa muuza dawa jana, nikamuuliza mbu akimuuma mtu aliyemeza vidonge vile inakuwaje. Akacheka, akasema mbu anakufa, ndiyo sifa yake nyingine. Niliondoka bila kumuaga.

Kuna lingine, ngoja nilimalize lote. Upele ulikupata kwa Chiriku. Alikuwa nao ulipokuja, tulikuwa tumeshaanza kumtibu, na niliona aibu kukuambia kwamba mwanao ameupata nyumbani kwangu. Nikakuacha umlaze mkononi.

Na lingine. Ijumaa dereva aliponiletea barua yako, kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa mama mmoja mzee na ndoo juu ya magoti, nguo zake zimekunjwa ndani ya ndoo. Nikampa maji. Akanywa, akanishukuru, akaniuliza nashona nini. Nikamwonyesha sare ya shule ya Chiriku. Akaishika pindo, akasema mshono umetulia. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, sijaifungua.

Na kuna hiyo kazi yako. Nililia kwanza kwa ajili ya mama yake Chiriku, halafu nikakukumbuka wewe umekaa robo saa na mkono ndani, nikalia kwa ajili yako.

Sasa uamuzi ni wako. Ukimwambia Daktari, kosa litatoka kwa yule mama na kukurudia wewe, na nyumba imekwenda. Ukiichoma barua hii, trei zako zitatoa mbu wapya, asali haipo, jaribio linaweza likasogezwa kidogo, na mtoto anaweza akapata chumba. Nimekaa siku nzima nikitafuta njia ya tatu sikuiona. Ukiichoma sitauliza. Usipoichoma pia sitauliza. Mimi nimeshakuamulia mara moja, tazama tulipofika.

Dada yako


Alhamisi, 20 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako ina kona moja imeungua. Nilikuwa nimeiwasha. Jumatatu jioni, nyuma ya ile nyumba, chini ya dirisha lenye msumari. Moto ulipokaribia pale Mama Ndoo anaposhika pindo la sare, nikaizima kwa kiganja. Kiganja kimeungua kidogo, si kitu.

Jumanne nilikaa. Jumatano nilikaa. Niliwaza mtoto kituoni, kwenye mstari wa vitanda, hana mkono wa kulalia. Nikasema Mama Ndoo ni mtu mzima, atapata kazi nyingine, mtoto ni mtoto. Nililisema hilo kwa sauti ili nilisikie likoje. Halafu nikaingia chumba cha vizimba kufagia, kwa maana sasa hakuna wa kufagia, na nikakuta nyuma ya mlango amenibandikia karatasi: "Njiti usisahau kula." Ni ya siku nyingi, gundi imeshageuka rangi.

Leo asubuhi nimempelekea Daktari barua na chupa. Aliisoma yote, akaonja asali kwa ncha ya kidole, akatema. Hakunifokea. Alisema siruhusiwi kuweka mkono kizimbani kwa miezi miwili. Alisema nyumba ni ya mlishaji, na kwamba amesogeza jaribio mpaka mwezi wa nane, ila anahitaji mkono mpya wiki hii, la sivyo watakaotoka kwenye trei watakufa bila kutaga. Akasema Mama Ndoo arudishwe, yeye mwenyewe atamwomba radhi. Mimi nimebakizwa kwa kazi ya ufagio, kama nataka.

Kwa hiyo sina nyumba, Dada. Wafagiaji wanalala kwenye chumba cha mafagio na watoto hawaruhusiwi. Tarehe 1 mpeleke Chiriku. Kitanda nitakituma kwa dereva kama watakubali kitanda cha nje. Mwambie ni mimi niliyeharibu. Usimwambie la asali, atakuja kuogopa chakula chako, na chakula chako amekipenda sana.

Nakuomba kitu kimoja. Dereva anasema alimshusha Mama Ndoo stendi na hajui alikokwenda. Hapa hakuna anayeweza kutoka kumtafuta, na huko wewe ndiye uliyeuona uso wake. Mtafute. Ukimpata mwonyeshe barua hii. Mimi sina mdomo wa kumwomba.

Njiti


Alhamisi, 11 Julai

Shangazi, shikamoo.

Natumaini hamjambo kwenye chumba kimoja. Mimi sijambo. Umesema nikuandikie kila kitu kwa hiyo nakuandikia kila kitu.

Ulipompata Mama Ndoo na kumwonyesha barua ya baba, alikuahidi akipata ile nyumba nitalala kwake, ukatupakia kwenye gari pale stendi. Alinishikisha ndoo yake mpaka tukafika. Tulipofika Daktari alitoka nje akamwomba radhi, na watu wote wakatazama chini. Halafu Daktari akasema wanatafuta mkono. Mama Ndoo akakunja gauni akasema jaribu huu. Mbu walimla vizuri mpaka matumbo yakawa mekundu. Kwa hiyo sasa mlishaji ni yeye, na nyumba amepewa yeye. Analala chumba cha kwanza, mimi nalala cha pili kama alivyokuahidi. Begi langu liko kwenye msumari. Kitanda changu kinacheza kidogo, lakini kuna kigae.

Baba analala chumba cha mafagio. Anakuja asubuhi kunisuka nywele, anasuka vibaya. Anafagia kituo kizima peke yake. Nikimaliza shule namsaidia kumwaga maji machafu. Upele hana.

Mama Ndoo ananipa chai na anakagua madaftari yangu. Lakini na baba haongei. Baba anamsalimia kila asubuhi akiingia kufagia kule kwenye mbu. "Shikamoo mama." Yeye ameweka mkono kizimbani, anatazama ukuta. Kesho yake baba anamsalimia tena, anatazama ukuta. Nilimuuliza Mama Ndoo kwa nini haitikii, akaniambia nimalize uji.

Leo nilikuwa nimekaa mlangoni. Baba akaingia na fagio akasema shikamoo mama. Mama Ndoo akasema, "Funga mlango huo, mbu watatoka."

Baba akafunga mlango. Akaja nje, akakaa chini kwenye ngazi na fagio lake, akalia sana. Nikamuuliza baba unalia nini. Akasema Mama Ndoo amemsemesha.

Msalimie mjomba na watoto wote. Sare bado inanitosha.

Mimi,
Chiriku